Nyanya ya Misisi na usiku wa joto

Misisi, mji wetu wa dhahabu huku Fizi, Kivu Kusini, haikosi jua. Haikosi maji: kuanzia Septemba mpaka Mei mvua inanyesha, na hata kiangazi kuna vijito vinavyoshuka kutoka vilima vya Ngandja. Pesa nayo ipo, maana dhahabu imevuta watu kutoka Bukavu, Uvira, Kalemie na vijiji vya Fizi, na mtu aliyeuza gramu zake leo anataka kula vizuri leo. Hata hivyo, katikati ya mvua, sombe na lengalenga zikiwa zimejaa sokoni, tomate, yaani nyanya, ndiyo inayoadimika. Zile chache zinafika kwa pikipiki zikiwa zimepondeka, na mama anayepika ndagala anaishia kununua kikopo cha nyanya ya dukani iliyosagwa ng'ambo. Kiangazi kikiingia mambo yanageuka. Nyanya zinajaa, bei inaanguka, na nyingine zinaozea kwenye beseni la muuzaji.

Ukiuliza sababu, majibu hayachelewi: mbolea hakuna, dawa ni ghali, udongo umechoka, vijana wote wako kwenye mashimo. Kila jibu lina ukweli wake, na hilo la mwisho nitalirudia. Lakini hakuna hata moja linaloeleza kwa nini shamba lilelile, mikononi mwa mkulima yuleyule, linazaa Julai na kukataa Desemba. Chanzo kikubwa, kwa maoni yangu, ni mambo mawili ambayo hakuna duka linaloyauzia dawa: usiku usiopoa vya kutosha, na jani lisilokauka. Anayeyaelewa hayo mawili, pesa yake ndogo ataielekeza mahali pengine kabisa.

Nyanya ni mgeni hapa, na ugeni wake unaeleza mengi. Jamaa zake za porini zinaota upande wa magharibi wa milima ya Andes, Peru na Ekuado, sehemu nyingi zikiwa kavu, zenye jua mchana na baridi usiku. Watu wa Mexico ya kale ndio walioilea ikawa tunda kubwa, kabla Wahispania hawajaivusha bahari katika karne ya 16. Mmea wa namna hiyo unavumilia jua la mchana kuliko tunavyodhani. Kinachoushinda ni joto linalobaki baada ya jua kutua.

Tuanze na ua. Ua la nyanya linajichavusha lenyewe: chavua inadondoka kutoka sehemu ya kiume na kutua juu ya sehemu ya kike ndani ya ua hilohilo, likitikiswa na upepo au nyuki. Chavua hiyo inatengenezwa wiki moja hadi mbili kabla ya ua kufunguka, na hicho ndicho kipindi chake dhaifu. Mchana ukipita nyuzi 32 mpaka 35 za Selsiasi, au usiku usiposhuka chini ya nyuzi 21 hivi, chavua nyingi inaharibika kabla haijafanya kazi. Ua linafunguka, linapendeza kwa siku mbili tatu, kisha linakauka kwenye kikonyo na kudondoka. Mvua inaongeza tatizo, kwa sababu hewa ikijaa unyevu hata chavua iliyo hai inagandamana na kushindwa kudondoka.

Sasa linganisha Julai na Desemba. Kiangazi anga ni safi. Jua likizama, ardhi inarusha joto lake juu bila kizuizi, na kufikia alfajiri watu wamejifunika. Wakati wa mvua mawingu yanalizuia joto hilo lisiondoke, kwa hiyo mchana unaweza kuwa wa wastani tu lakini usiku unabaki wa vuguvugu mpaka asubuhi. Mkulima anayepima hali ya hewa kwa kulitazama jua la saa saba mchana hawezi kuiona tofauti hii. Nyanya inaiona.

Hapo ndipo pesa ya kwanza inapopotea. Mche umekuwa mkubwa, wa kijani kibichi, una maua lakini hauna matunda. Mwenye shamba anadhani una njaa, anauongezea urea. Urea ni naitrojeni, na naitrojeni inaita majani: kivuli kinazidi, unyevu unakaa katikati ya matawi, maua yanaendelea kupukutika, na magonjwa yanapata makao. Mche wa namna hiyo ulihitaji kupunguzwa matawi ya pembeni, kufungwa kwenye mti, na kugongwagongwa taratibu mti huo kila siku kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, umande ukishakauka, ili chavua idondoke. Kazi hiyo haigharimu hata franka moja.

Nafuu nyingine ni mwinuko. Kwa wastani hewa inapoa nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yake mengi yanahifadhi joto. Ndiyo maana usiku wa Baraka, ufukweni, ni mzito. Minembwe, juu ya mita 2,000, watu wanaota moto. Misisi iko kati ya hali hizo mbili, imezungukwa na vilima, na huo ni utajiri usiohitaji kuchimbwa. Shamba la mteremkoni, mita 300 juu ya bonde, linampa mkulima karibu nyuzi 2 za nafuu wakati wa mvua. Nyuzi 2 zinaonekana kidogo, lakini ndizo zinazotenganisha usiku wa nyuzi 22 na usiku wa nyuzi 20, yaani ua linalodondoka na ua linalozaa. Kwa hiyo bonde la kijitoni lilimwe kiangazi, na mteremko ulimwe masika. Wengi wanalima bonde mwaka mzima kwa sababu maji yako karibu, na Desemba maji hayo ndiyo yanayowamaliza.

Tufike kwenye jani. Ukungu unaoshambulia nyanya unahitaji saa kadhaa za jani lililolowa ili uingie. Bakajani chelewa, ile inayochoma majani na mashina kama moto na kugeuza matunda kuwa ya kahawia, inapenda ubaridi na unyevu pamoja. Huyo ni adui wa nyanda za juu, ambako inaangamiza pia viazi mviringo. Bakajani tangulia, yenye madoa ya mviringo yaliyozungukana kwenye majani ya chini, inapenda joto na unyevu. Hiyo ndiyo ya Misisi na Baraka zaidi. Inapanda kutoka ardhini. Tone la mvua linapiga udongo, linarusha matope yenye vimelea kwenye jani la chini, na kutoka hapo ugonjwa unapanda ngazi kwa ngazi.

Dawa inayojulikana kuliko zote huku kwetu ni mankozebu, ambayo wengi wanaiita Dithane hata ikiwa imetoka kiwanda kingine. Inafaa ieleweke inafanya nini. Inakaa juu ya jani na kuzuia mbegu za ukungu zisichipue. Haiingii ndani ya jani na haiponyi jani lililokwisha kuugua. Kwa hiyo ukipulizia baada ya kuona madoa umechelewa kwa majani hayo, na mvua kubwa ya saa kumi ikikuoshea shamba, dawa ya asubuhi imekwenda mtoni. Wapo wanaopulizia mara mbili tatu kwa wiki na kuvuna kesho yake, na mteja anakula mabaki. Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza kibali cha mankozebu mwaka 2020 kwa sababu ya madhara yake kwa uzazi na kwa homoni za mwilini. Simwambii mkulima wa Fizi aitupe kesho. Ninamwambia asome karatasi ya pakiti, ahesabu siku za kusubiri kabla ya kuvuna, afunike pua na mikono, na zaidi ya yote asiifanye kuwa ulinzi wake wa kwanza.

Ulinzi wa kwanza ni kuzuia jani lisilowe. Tandaza majani makavu chini ya miche ili matone yasirushe udongo. Funga miche kwenye miti, ondoa majani yote yanayogusa ardhi, acha nafasi upepo upite, mwagilia shinani badala ya juu. Kisha, kwa anayelenga bei ya Desemba na Januari, jenga paa.

Paa hilo watu wengi wanalielewa vibaya. Wameona picha za nyumba za kioo na plastiki za Ulaya, zimefungwa pande zote, wakadhani ndiyo maendeleo. Nyumba zile zilibuniwa kuhifadhi joto kwa watu wenye baridi. Ukiifunga ya namna hiyo Misisi utaipika nyanya, utaongeza joto la mchana na unyevu wa usiku, na utakuwa umelipa pesa kuzidisha matatizo yote mawili. Kinachohitajika ni plastiki angavu juu ya miti au mianzi, iliyoinuka kupita kimo cha mtu, pande zote zikiwa wazi. Iwe angavu kweli. Turubai zito linazuia mwanga, na mche unarefuka bila kuzaa. Upande wa juu wa mteremko chimba mfereji ili maji ya mvua yasipite kwenye mizizi. Miche 40 chini ya paa la namna hiyo, naiamini kuliko miche 400 iliyoachwa kwenye mvua, kwa sababu inauzwa wakati wengine hawana.

Yupo lakini adui mmoja ambaye paa halimzuii, na kwa mkulima wa nchi ya joto ndiye mbaya kuliko wote: mnyauko bakteria. Mche ni mzima, wa kijani, pengine umeshaanza kubeba matunda. Mchana unalegea, jioni unasimama tena, kesho unalegea zaidi, na ndani ya siku chache umekufa ukiwa bado na rangi yake ya kijani. Hapa watu wanatafuta aliyepita shambani usiku. Mhusika ni bakteria anayeitwa Ralstonia, anayeishi udongoni, anaingia kwa mizizi na kuziba mirija ya maji. Kumtambua ni rahisi. Kata shina karibu na ardhi, lisimamishe kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa, usubiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye mkato, ni yeye.

Kipimo hicho cha glasi kina thamani kubwa kwa sababu kinaokoa pesa. Hakuna dawa ya kupulizia inayomfikia bakteria huyu. Mbolea haimwondoi. Na kuna mnyauko mwingine, wa ukungu wa fusari, ambao majani yake yanageuka manjano kwanza, mara nyingi upande mmoja wa mche, na ndani ya shina kuna rangi ya kahawia lakini maziwa hayatoki. Huo wa pili una mbegu zinazoustahimili: herufi F kwenye pakiti inamaanisha ustahimilivu wa fusari, V ni wa vertisilia, N ni wa minyoo fundo. Roma VF inauzwa kila mahali, na mkulima akiona imenyauka analaumu mbegu kwamba ni bandia. Inaweza kuwa halisi kabisa. VF haikuahidi chochote kuhusu bakteria.

Udongo ukishaugua, bakteria anakaa miaka. Anasafiri na maji yanayotiririka kutoka bustani ya juu kwenda ya chini, na jembe lenye matope, na miche iliyonunuliwa kwa jirani. Pilipili, bilinganya, viazi mviringo, tumbaku na mnavu ni jamaa za nyanya na zinamlisha vilevile, hivyo kutoa nyanya na kupanda pilipili si kupumzisha shamba. Karanga pia zinaweza kumhifadhi. Kinachomnyima chakula ni nafaka: mahindi, mtama, mpunga, misimu kadhaa mfululizo, huku mnavu ukipaliliwa. Mwenye ardhi ndogo ataona hilo ni gumu, lakini hakuna njia ya mkato shambani isipokuwa moja, nayo ni kuunganisha.

Watafiti wa Kituo cha Mboga cha Dunia, kilichoanzishwa Taiwani mwaka 1971 na chenye tawi Arusha tangu 1992, walionyesha kwamba nyanya inaweza kupandikizwa juu ya mizizi ya bilinganya. Baadhi ya bilinganya zinamstahimili Ralstonia, na mizizi yake inavumilia pia udongo uliojaa maji kwa siku kadhaa. Mbegu ya bilinganya inasiwa siku chache mapema kwa kuwa inakua polepole. Mashina yote mawili yakifikia unene wa risasi ya penseli yanakatwa mshazari, yanakutanishwa, yanashikwa na kipande cha mrija laini, na miche inawekwa gizani kwenye unyevu mwingi kwa siku chache kabla ya kurudishwa kwenye mwanga taratibu. Ikipandwa shambani, kiungo kikae juu ya ardhi. Ukiipandishia udongo, nyanya itatoa mizizi yake yenyewe na bakteria ataingia kwa mlango huo. Angalizo moja: bilinganya si zote ngumu. Mkulima apande aina tofauti za bilinganya za kwao kwenye kipande kilichougua, aone zipi zinasimama, ndipo azitumie. Kazi hii inaweza kufanywa na kikundi kimoja cha akina mama wenye mikono mitulivu na kivuli kizuri, wakauzia wengine miche. Naiona kuwa biashara halisi kwa Misisi, kuliko kuuza chupa za dawa.

Na dhahabu? Inagusa nyanya mara mbili. Kwanza ni wakati. Mche unahitaji wiki 4 kitaluni na miezi miwili na nusu hivi shambani kabla ya kuvuna, ilhali shimo linaweza kulipa jioni. Kijana akichagua shimo simlaumu, lakini ndiyo maana kilimo cha hapa kimebaki kwa wanawake na wazee, na ushauri wowote unaodai kibarua cha watu kumi hautafika mbali. Paa dogo linafaa kwa sababu hiyo pia. Pili ni maji na ardhi. Udongo uliotolewa chini na kuoshwa hauna mboji. Hata ukimwagiwa samadi mwaka mmoja bado ni mfu. Na mahali ambapo zebaki inatumika kukamata dhahabu, inakaa kwenye matope ya mto, na inapochomwa mvuke wake unatua juu ya majani ya karibu. Bustani iwe juu ya mto kuliko wanakooshea, na mbali na wanakochomea. Hili si la kubishaniwa, hasa kwa lengalenga na sombe ambazo majani yake ndiyo tunayokula.

Mbegu niziseme kwa haraka. Kuchukua mbegu kwenye nyanya nzuri ya sokoni ni bahati nasibu, kwa kuwa mara nyingi ni chotara na watoto hawafanani na mama. Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa Tanzania mwaka 1997, zina ganda nene linalovumilia safari ya pikipiki. Fizi ina njia ya kuzipata: kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, huko Kasulu, Tanzania, imewapokea watu wa Fizi tangu 1996, kuanzia 2005 meli ziliwarudisha wengi kutoka Kigoma mpaka Baraka, na ndugu wa pande mbili za ziwa hawajaachana. Kuna pia mistari iliyokuzwa Taiwani kwa ajili ya joto, kama CL5915, inayoshika matunda usiku ukiwa wa vuguvugu. Na ile nyanya ndogo inayojiotea yenyewe jalalani isidharauliwe. Matunda yake ni madogo, lakini inazaa kwenye joto na mvua ambako Roma inashindwa. Kwa mchuzi wa Januari inatosha.

Kiangazi kina shida yake, kantangaze, nondo aliyetoka Andes kama nyanya yenyewe, akaonekana Hispania 2006, Afrika Kaskazini 2008, Kenya na Tanzania 2014. Viwavi wake wanachimba ndani ya jani na tunda. Majani yenye mashimo yakusanywe na kuzikwa au kuchomwa mapema, na mabaki ya shamba yasiachwe baada ya mavuno.

Kwa anayetaka kujaribu msimu huu: sia mbegu mwanzoni mwa Septemba kwenye tuta lililoinuliwa, hamishia miche chini ya paa mwanzoni mwa Oktoba, mteremkoni, mahali ambapo jamii ya nyanya haijalimwa kwa miaka mitatu. Mavuno yataanza katikati ya Desemba. Changanya majivu au chokaa kama udongo ni mchachu, na mwagilia kwa kiasi kilekile kila siku hata chini ya paa, maana kukausha na kufurikisha kwa zamu ndiko kunakoozesha kitako cha tunda.

Mkoa wetu una kituo cha utafiti wa kilimo, INERA Mulungu, huko Kabare, juu ya mita 1,500. Nyanya iliyofaulu Mulungu haijathibitika bado kwa bonde la Misisi wala pwani ya Baraka. Ombi langu kwa watafiti, kwa wakaguzi wa kilimo wa Fizi na kwa mashirika yanayogawa mbegu ni moja: mbegu na mizizi ya bilinganya zijaribiwe hapa hapa, katikati ya mvua, kabla watu hawajagawiwa pakiti.